BOC-3: nani atapokea samansi ya kampuni yako ya malori Marekani

Mdogo wake mume wangu alinipigia simu kutoka Des Moines saa tano usiku. Alikuwa ameshalipa dola 300 za maombi ya kibali cha kubeba mizigo, bima ameshaiwekea malipo ya kwanza, lori limeegeshwa uani kwa rafiki yake, na kibali bado hakijafunguka. "Shemeji, kwenye mtandao wa serikali wameandika BOC-3 haipo. Hii nayo ni bima nyingine?" Nikamwambia si bima, ni jina la mtu atakayepokea samansi yako. Akanyamaza kidogo. "Samansi? Kwani mimi nimefanya nini?"

Hajafanya lolote, na namwombea Mungu asifanye. Lakini swali lake naulizwa na karibu kila ndugu yetu anayeanzisha kampuni ya malori huku, awe Mkongo wa Iowa, Mkenya wa Dallas au Mtanzania mwenzangu wa Columbus. Mimi ndiye ninayeshika karatasi za malori yetu mawili hapa Fort Worth, Texas. Mume wangu anaendesha moja, kijana wa jirani anaendesha la pili. Nimeshajaza fomu nyingi za serikali, na katika zote hakuna inayochukuliwa kirahisi kama BOC-3, kwa sababu inamalizika kwa dakika 15 na fedha kidogo. Watu wanailipia na kuisahau. Sisi pia tuliisahau, na nitaeleza iliyotupata.

Kwanza ujue inatoka wapi. Lori lililoondoka Fort Worth alfajiri linaweza kumgonga mtu Kansas mchana, na usiku likawa limeshavuka Missouri. Aliyeumia Kansas hawezi kuambiwa asafiri hadi Texas kugonga milango akimtafuta mwenye lori. Kwa hiyo sheria ya serikali kuu inamtaka kila msafirishaji anayevuka majimbo aandikishe, katika kila jimbo analofanyia kazi, mtu mwenye anwani pale pale wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake. Fomu ya kuwaandikisha watu hao ndiyo BOC-3, na inawekwa FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori na mabasi.

Kabla sijaja Marekani nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha, Tanga. Pale wakala ni mtu wa kukuhangaikia: anakutolea mzigo bandarini, anazungumza na TRA, mamlaka ya mapato, kwa niaba yako, anajua karatasi gani imekwama kwenye meza gani. Neno hilo ukilibeba vilevile ukaja nalo huku litakupoteza. Wakala wa BOC-3 hakusemei chochote. Anapokea hati za mahakama zilizoelekezwa kwa kampuni yako na kuzituma kwako, basi. Hajibu kesi wala hakutafutii mwanasheria. Na mahakama ikishamkabidhi yeye, inahesabu kwamba umekabidhiwa wewe. Siku za kujibu zinaanza kuhesabiwa pale, hata kama bahasha yako bado iko njiani.

Inamhusu nani

Inamhusu anayebeba mizigo ya watu kwa malipo kutoka jimbo hadi jimbo kwa kibali chake mwenyewe, yaani mwenye namba ya MC. Inamhusu dalali wa mizigo, yule tunayemwita broka, hata kama hana lori. Inamhusu pia mkusanyaji wa mizigo anayeipokea kwa wateja na kuwapa wasafirishaji wengine waibebe.

Haikuhusu kama lori lako umelikodisha kwa kampuni kubwa na unatembea kwa namba zao, kwa sababu hapo kibali ni chao na BOC-3 ni yao. Haikuhusu kama unabeba mali yako mwenyewe, wala kama humalizi wala huanzi safari nje ya jimbo lako na mizigo yako ni ya ndani ya jimbo tu. Huyo ana taratibu za jimbo lake. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakilipishwa BOC-3 na hawana hata namba ya MC.

Majimbo gani

Hapa ndipo wengi wanapojibu vibaya. Wanahesabu majimbo wanayopakia na wanayoshusha. Kanuni inataka pia majimbo unayopita. Chukua barabara ya I-35, ambayo mume wangu anaijua kama njia ya chooni. Mzigo umepakiwa Laredo na unashushwa Minneapolis. Kwa macho ya dereva hayo ni majimbo mawili, Texas na Minnesota. Lakini lori limepita Oklahoma, Kansas, Missouri na Iowa. Hata kama Kansas alisimama Emporia kujaza mafuta tu, Kansas inahitaji wakala. Safari moja, majimbo sita.

Broka hesabu yake ni tofauti: anahitaji wakala katika majimbo yenye ofisi zake na yale anakoandikia mikataba.

Kwa kuwa hujui mwezi ujao mzigo utakupeleka wapi, usikae kuchagua jimbo moja moja. Kuna kampuni zilizokwisha kusajili FMCSA orodha yao ya mawakala nchi nzima, na wewe ukiingia nao mkataba mmoja unafunikwa kote. Ndiyo maana wanaitwa wakala wa blanketi. Orodha ya kampuni hizo iko kwenye tovuti ya FMCSA yenyewe. Anzia hapo, usianzie kwa mtu aliyekupigia simu.

Jambo jingine linalowashangaza watu: mwenye malori hajijazii BOC-3 mwenyewe. Fomu inawasilishwa na wakala. Broka au mkusanyaji wa mizigo asiye na gari ndiye anayeweza kuiwasilisha mwenyewe. Kwa hiyo ukiona mahali unaambiwa pakua fomu, saini, tuma, na wewe una lori, rudi nyuma.

Maswali ninayowauliza kabla ya kulipa

FMCSA haitozi ada kwa kupokea BOC-3. Fedha unayotoa ni ya wakala. Nimeona wanaotoza dola 20 na kitu na wanaokaribia 100, na tofauti hiyo mara nyingi haikuambii lolote juu ya kazi yao. Mimi nawapigia simu, siandiki barua pepe, kwa sababu nataka kujua kama kuna mtu anayepokea. Wasipopokea simu ya mtu anayetaka kuwapa fedha, nitawategemea vipi siku ya samansi?

Nauliza: hii bei ni ya mara moja au ya kila mwaka? Kama ni ya kila mwaka, nisipolipa mtanikumbusha kabla ya kujiondoa? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wakala akijiondoa na wewe huna mwingine aliyeandikwa, kibali chako kiko hatarini, na kibali kikifutwa utalipa dola 80 kukirudisha na wakati huo lori limelala.

Kisha nauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza mwaka wa kwanza. Hati ikiwafikia mnanitumiaje? Kwa posta tu, au mnaichanganua na kunitumia kwa barua pepe siku hiyo hiyo? Mnapiga na simu? Mnatoza kwa kila hati? Jibu ninalolitaka ni barua pepe pamoja na posta, ndani ya siku moja ya kazi. Akisema posta ya kawaida tu, namshukuru na kukata.

Mwisho naomba nakala yenye jina na anwani ya mtaa ya wakala wa kila jimbo. Sanduku la posta halikubaliki, kwa sababu hati hukabidhiwa mtu, mkononi.

Siku ya kujaza

Wakala ndiye anayewasilisha, lakini maelezo unampa wewe. Weka mezani cheti cha kusajili kampuni na barua yenye namba zako za USDOT, yaani namba ya utambulisho wa kampuni yako FMCSA, na MC. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye maombi ya FMCSA, herufi kwa herufi. Ukiandika Trucking pale ulipoandika Transport, au ukaziacha herufi LLC za mwisho wa jina, fomu haitakutana na faili lako na utakaa wiki nzima ukidhani wakala amekula fedha. Kwa shemeji yangu hilo ndilo lililotokea. Alikuwa ameshalipa BOC-3 tangu Jumatatu bila kujua ni kitu gani, ila aliandika jina lake mwenyewe badala ya jina la kampuni, kwa sababu kampuni ni yake na aliona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Nilimwambia apige simu kwa wakala asubuhi, wakarekebisha, na Alhamisi mstari ule ulikuwa umebadilika.

Mstari wenyewe unauona kwenye ukurasa wa FMCSA wa vibali na bima ulio wazi kwa umma. Unatafuta kwa namba ya USDOT au ya MC, unafungua taarifa za kampuni, na sehemu ya BOC-3 inatakiwa isomeke YES. Usiamini risiti ya wakala peke yake, angalia mwenyewe. Wakati huo huo angalia kama bima nayo imeingia. Kwa mizigo ya kawaida kwenye malori makubwa kiwango cha chini cha sheria ni dola 750,000, ingawa mabroka wengi hawakupi mzigo bila milioni 1, na inayoipeleka FMCSA ni kampuni ya bima, si wewe. Maombi yako hutangazwa kwenye rejista yao na kuachwa siku 10 kwa mwenye pingamizi. Siku hizo zikiisha, na bima na BOC-3 zote zipo, kibali kinatoka. Kimoja kikikosekana, hakitoki, na lori lisitembee na mzigo wa mtu.

Katika siku hizo simu yako haitapumzika. Namba ya USDOT ikishatoka, jina lako, anwani na simu vinaonekana na kila mtu. Wengine watajitambulisha kama watu wa serikali. Tuliwahi kupata barua yenye picha ya ndege tai na mihuri, inatutaka tulipe mamia ya dola kwa "kukamilisha BOC-3" ambayo ilikuwa imeshakamilika. Dawa ni ule mstari: fungua ukurasa, ukiona YES, mwambie asante na ukate. Nawasihi hasa wale ambao Kiingereza bado kinawatatiza, msitoe namba ya kadi kwenye simu kwa sababu ya hofu tu. Subiri mtu wa nyumbani akusomee.

BOC-3 inayotambulika ni moja tu. Ukibadilisha wakala, mpya anawasilisha fomu mpya na ile ya zamani inaondoka. Ukibadilisha jina la kampuni, mwambie wakala awasilishe upya kwa jina jipya. Nakala moja sheria inataka ikae ofisi kuu ya kampuni. Kwetu ofisi ni kabati la jikoni, na iko kwenye faili jekundu, juu kabisa.

Bahasha ya kaki

Mwaka wetu wa pili tulihama kutoka nyumba ya kupanga Arlington kuja hapa Fort Worth. Nilibadilisha anwani benki, shuleni kwa watoto, kwenye bima na FMCSA. Niliona nimemaliza.

Miezi michache kabla, trela letu lilikuwa limekwaruza gari dogo kwenye maegesho ya malori huko Oklahoma. Hakuna aliyelalamika kuumia siku ile. Dereva alipiga picha, wakabadilishana karatasi, akaondoka. Baadaye mwenye gari alifungua kesi, na samansi ikapelekwa kwa wakala wetu wa Oklahoma. Yeye akaipeleka makao makuu ya kampuni ya blanketi, nao wakaituma kwa posta kwenye anwani waliyokuwa nayo, ya Arlington.

Bahasha hiyo naikumbuka vizuri. Ilikuwa ya kaki, kona moja imelowa, na juu ya anwani ya zamani posta walikuwa wamebandika karatasi ya njano yenye anwani yetu mpya. Niliidhania ni katalogi. Niliifungua nikiwa nimesimama, chungu cha maharage kiko jikoni, nikaona maneno ya mahakama, kisha nikaona tarehe ambayo wakala alikabidhiwa. Kule Oklahoma mdaiwa anapewa siku 20 kujibu. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalenda ya ukutani. Ilikuwa siku ya 17. Kama posta wangechelewa siku nne tu, mahakama ingeweza kutoa hukumu ya upande mmoja, na bima yetu ingekuwa na haki ya kutuuliza kwa nini hatukuwaambia mapema.

Nilizima jiko. Nikapiga picha kila ukurasa, nikazituma kwa mshughulikiaji wa madai wa bima, nikampigia mpaka akapokea. Siku ya 19 mwanasheria waliyetuwekea aliingia kwenye kesi na kuomba muda. Ikaishia kwa bima kulipa matengenezo na fidia ndogo. Lakini zile siku mbili mume wangu aliendesha lori huku ananipigia kila akisimama, na mimi sikulala.

Kosa halikuwa la posta. Wakala alikuwa na anwani tuliyompa sisi. Na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote: anwani zako ziko kwenye mafaili yasiyojuana. Kuna ile ya FMCSA, unayoihuisha kwa fomu MCS-150 walau kila miaka miwili. Mwezi wako unajulikana kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya USDOT: 1 ni Januari, 2 ni Februari, hadi 0 ambayo ni Oktoba. Kuna ile ya jimbo, ulipoandikisha kampuni na wakala wake wa usajili, ambaye ni mtu mwingine kabisa na wa BOC-3. Watu wengi wanadhani wakiwa na mmoja wamemaliza. Kuna ya kampuni ya bima. Na kuna ya wakala wa BOC-3. Ukibadilisha moja, nyingine hazina habari. Siku hizi kila Januari na kila Julai nampigia wakala wetu na kumwambia anisomee anwani, barua pepe na simu alizonazo. Dakika tatu. Mara moja nikakuta barua pepe imekosewa herufi.

Hati ikikufikia

Andika juu ya bahasha siku na saa uliyoipokea, na usiitupe bahasha. Tafuta kwenye hati tarehe ambayo wakala alikabidhiwa na jimbo la mahakama, kwa sababu siku hazilingani. Mahakama za serikali kuu zinatoa siku 21. Ohio ni 28. Hapa Texas hesabu inakwenda hadi saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Usikisie, mwache mwanasheria ahesabu, lakini wewe fanya kana kwamba umebakiwa na siku moja.

Tuma kwa bima siku hiyo hiyo, hata kama unaona kesi ni ya uongo. Usimpigie aliyekushitaki kumwelewesha. Najua kwetu jambo hili linaonekana kiburi, kwamba mngeongea kiutu uzima mkayamaliza, lakini kila utakalosema litaandikwa. Usijibu mwenyewe pia: mbele ya mahakama za serikali kuu kampuni haiwezi kujisimamia bila mwanasheria, hata kama kampuni ni wewe na mkeo tu.

Kisha zuia kumbukumbu zisipotee. Rekodi za saa za dereva, zile za kifaa cha kielektroniki kilichomo kwenye lori, kisheria unatakiwa kuzitunza miezi 6, na kampuni nyingine za vifaa zinafuta baada ya hapo. Kesi ikishafunguliwa pakua zote za wiki ile, pamoja na picha, risiti za mafuta, hati ya mzigo na meseji za dereva, na uzihifadhi mpaka mwanasheria akuambie basi.

Na ukiamua kufunga kampuni, usimwache wakala hewani. Oklahoma, Kansas, Iowa na Texas mtu aliyeumia ana miaka 2 ya kufungua kesi, na kuna majimbo yanayotoa zaidi. Mwaka jana mzee mmoja tunayesali naye aliuza lori lake akahamia kwa binti yake, Arizona. Alikuja kuaga, nami nikamwomba simu ya wakala wake kabla hajamaliza chai. Tukapiga pale pale mezani, akawapa anwani ya binti yake na barua pepe ya mjukuu.